Bibi Mafuta katika Toleo la Saba

Bahiya alijifungua Jumatatu alfajiri, na mpaka Alhamisi mchana hakuna aliyekuja kumwita Bi Kokuberwa.

Jambo hilo halikuwa la kawaida pale Mtoni. Mtaa mzima ulijua kwamba mwanamke akirudi kutoka hospitali na kichanga, maji yakishachemka, anayeitwa ni Bi Kokuberwa. Atakuja na chupa yake ya mafuta ya nazi, atamkanda mzazi mgongo na tumbo, atamnyoosha mtoto viungo, na atarudi hivyo kila asubuhi mpaka arobaini itimie. Tena Bahiya, mkewe Hamoud wa dukani, alishamwahidi tangu mimba ina miezi sita. Alimwambia, bibi, wa kwanza ulimkanda wewe, na huyu ni wako.

Basi Bi Kokuberwa akangoja. Jumatatu alisema wamechoka. Jumanne alisema wana wageni, kina Hamoud ndugu zao ni wengi. Jumatano alifua kitambaa cha kukandia ambacho kilikuwa safi tayari. Alhamisi akajitanda khanga, akaenda mwenyewe.

Hamoud alikuwa anapima sukari. Alimwamkia vizuri, akamtolea kiti, lakini macho yake yalibaki kwenye mizani. Bi Kokuberwa akauliza hali ya mzazi na mtoto. Hamoud akasema wazima, wamelala. Bi Kokuberwa akasema atangoja waamke. Hamoud akaipima sukari ileile mara ya pili, ndipo akatoa maneno: kwamba wameshapata mtu, shangazi yake wa Tandika, naye anajua kukanda, kwa hiyo bibi asijisumbue na jua hili.

Nyuma ya friji la soda alikuwa amejibanza Reem, binti yao wa miaka minane. Mtoto huyo siku zote akimwona Bi Kokuberwa alikuwa anamkimbilia mpaka viatu vinamvuka. Leo amekumbatia kitabu kifuani. Bi Kokuberwa akamnyooshea mkono, na mtoto akarudi nyuma mpaka akagonga kreti.

"Usinishike," Reem akasema. "Wewe ndiye Bibi Mafuta."

Hamoud akamkemea, ila alimkemea kwa kisauti kidogo cha mtu asiyekataa kilichosemwa.

Bi Kokuberwa akakiomba kile kitabu. Alikijua hata kabla hakijamfikia mkononi, maana kilichorwa nyumbani kwake, mezani pake. Kilikuwa cha mjukuu wake, Loveness.

Loveness alilelewa naye tangu mama yake alipofariki. Sasa ana miaka kumi na tisa, na kazi yake ni kuchora katuni. Anachora kwa kalamu nyeusi, Cyprian wa stesheneri anatoa kopi na kubana pini, watoto wa shule wananunua, na wakubwa wanaazima kisha hawarudishi. Shujaa wake anaitwa Kiberiti, kijana mchawi wa miaka kumi na miwili anayeishi kwenye vichochoro vya Kiwalani. Akisugua vidole unawaka moto wa bluu, na moto huo haumuunguzi mtu ila mwenye nia mbaya. Hafanyi kazi peke yake. Yupo Turubai, msichana anayeweza kujitandaza akafunika mtaa mzima mvua isiwapate. Yupo Kunguru Didas, anayevaa miwani na kujua siri za kila paa. Na yupo Bibi Mafuta. Kila Kiberiti anapotoka vitani vidole vimekauka, Bibi Mafuta humkanda mikono mpaka moto urudi. Vitabu sita vyote viliisha hivyo, kijana amekaa kwenye jamvi, mikono yake imo ndani ya mikono ya bibi.

Bibi huyo alikuwa na bega moja limeshuka na baka chini ya jicho la kushoto, sawasawa na Bi Kokuberwa. Mtaa ulikuwa unacheka na kumtania. Na si yeye tu. Fundi Albano alichorwa na ile suruali aliyoishona mguu mmoja mfupi, na mwenye suruali akamtambua. Jogoo wa Mama Anastasia, anayewika saa sita mchana, alichorwa akiamsha majini kwa kukosea saa. Watu wakawa wanasema Loveness hachori uongo, anachora yaliyopo, akiyapaka uchawi kidogo yapendeze.

Bi Kokuberwa aliacha shule darasa la tatu. Alikuwa anasoma polepole, kidole kikifuata maneno, na alikuwa anaona fahari ambayo hakumwambia mtu.

Siku hiyo alirudi nacho nyumbani, akakaa kizingitini pake akafungua toleo la saba.

Mwanzo ulikuwa ule ule. Kiberiti anarudi amechoka, Bibi Mafuta anamwita jamvini. Lakini safari hii Kunguru Didas anachungulia uvunguni mwa kitanda cha bibi na kukuta chupa zimepangwa, na ndani ya kila chupa kuna pumzi ya mtoto mchanga. Kumbe kila alipokuwa anamkanda kijana alikuwa anamnyonya nguvu kidogo kidogo. Kumbe wale maadui sita wote aliwatuma yeye. Turubai anachanwa vipande viwili. Didas anavunjwa bawa. Kiberiti amefungwa, anauliza, "Bibi, mbona wewe?" Na bibi mwenye baka chini ya jicho anacheka, meno nje.

Alipofika ukurasa wa tisa, kidole chake kikasimama.

Palichorwa mgomba, na chini ya mgomba mwanamke kijana amepiga magoti. Mapajani ana kichanga kilichofunikwa shuka. Kiganja chake amemwekea mtoto kifuani, na pumzi inatoka ikipanda mkononi kama moshi. Pembeni wamesimama watu wanaomnyooshea vidole. Chini yake yameandikwa maneno, akayasoma mara tatu ahakikishe: *Wa kwanza alimmaliza kwao Bukoba, ndiyo maana hakurudi tena.*

Habari hiyo aliijua mtu mmoja tu Dar es Salaam nzima. Bi Kokuberwa alimsimulia Loveness mwaka juzi, mjukuu alipokuwa mgonjwa wa malaria akauliza kwa nini hawaendi Bukoba kama wenzao wanavyoenda kwao Desemba. Aliisimulia mara moja, kwa sauti ya chini, na alipomaliza Loveness alilia akamshika mkono.

Loveness aliporudi kutoka kwa Cyprian alikikuta kitabu kiko wazi kwenye jamvi. Akaamkia. Akaitikiwa. Akakaa bila kuambiwa.

Alieleza, na alieleza haraka haraka. Alisema Cyprian ndiye aliyeanza, kwamba watu wamechoka na maadui wa kutoka nje, Kiberiti lazima aumizwe na mtu anayemwamini ndiyo habari inoge. Wakajaribu kupanga. Turubai akigeuka, watoto watalia. Didas akigeuka, nani atashtuka, kunguru ni mwizi tangu azaliwe. Akabaki mmoja.

"Ni katuni tu, bibi. Watu wanajua ni katuni."

"Wanajua nini? Ulipowachorea suruali ya Albano ilikuwa kweli. Ulipowachorea jogoo ilikuwa kweli. Umewazoesha kuuamini mkono wako, Loveness. Halafu ndiyo ukanichora mimi."

Loveness alikuwa anabandua rangi ya kucha kwa kucha nyingine.

"Na yule mtoto?" Bi Kokuberwa akauliza. "Naye ni Cyprian?"

"Hapana, bibi. Nilikwama. Nilitaka sababu ya kumfanya awe vile, kila nilichoandika nikaona hakikai. Ile ndiyo ilikaa vizuri."

"Ilikaa vizuri," Bi Kokuberwa akasema.

Loveness akaanza kulia, na ndani ya kilio akatoa ahadi: toleo la nane atarekebisha, itajulikana kwamba Bibi Mafuta alirogwa, Kiberiti atamfungua, atarudi kuwa mwema kuliko mwanzo. Alikuwa ameshaanza kuuona ukurasa, hata mkono wake ukachezacheza. Bi Kokuberwa akauona ule mkono.

"Usinichore tena," akasema. "Si mbaya, si mwema. Vaa viatu twende."

Dukani walimkuta Hamoud pamoja na Fundi Albano, aliyekuja kununua nyuzi. Bi Kokuberwa alisimama pembeni. Loveness akasema kile alichotumwa, kwamba Bibi Mafuta wa toleo la saba ni wa kutunga, bibi yake hana chupa, hana uchawi, na kosa ni lake mwenyewe. Albano akaguna, akasema, basi na mimi useme suruali ulinisingizia. Hakuna aliyecheka. Hamoud akainama kutafuta kitu chini ya kaunta.

Pazia la ndani likasogea. Bahiya alikuwa amesimama, uso umemvimba kwa uchovu, mtoto begani. Alikuwa amesikia yote. Hakumuuliza Loveness. Alimuuliza Bi Kokuberwa.

"Na yule kichanga wa chini ya mgomba, bibi? Naye wa kutunga?"

"Wa kutunga," Loveness akadakia.

Neno lilimtoka jepesi, wala hakupepesa. Bi Kokuberwa akamtazama mjukuu wake, akafikiri kwamba hata siku ile alipomshika mkono akilia huenda alikuwa anatazama mahali pa kuweka mgomba. Angenyamaza tu, mambo yangeisha. Chumba kile cha ndani kingefunguliwa, na kesho asubuhi maji yangechemshwa kwa ajili yake.

"Alikuwepo," akasema. "Mtoto wa wifi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alizaliwa hana nguvu hata ya kulia, nikamsugua tangu asubuhi mpaka saa nane mchana apate joto. Hakupata. Wakasema ni mikono yangu. Nikaondoka."

Albano akaangalia nyuzi zake. Loveness akamgeukia bibi yake kama mtu aliyekanyagwa.

Bahiya alimshusha mtoto begani. Kisha akamwita mumewe, akamkabidhi mtoto, akamwambia akae naye hapo hapo dukani.

"Pita, bibi," akasema. "Mgongo unaniua."

Akampeleka ndani, akalala kifudifudi. Bi Kokuberwa akamkanda mgongo na nyonga kama alivyowakanda wengine kwa miaka ishirini na mitano, na Bahiya akashusha pumzi, akasema ahsante, hapo hapo, ahsante. Nje ya pazia mtoto alianza kulia. Kilikuwa kilio cha mtoto ambaye viungo havijanyooshwa, kikavu, cha kujikunja, na vidole vya Bi Kokuberwa vilijua kabisa kinahitaji nini. Vikatulia mgongoni mwa Bahiya. Bahiya naye akatulia. Bi Kokuberwa aliusikia mgongo wa mwanamke huyo ukikaza chini ya viganja vyake, unasubiri kuona kama ataomba kuletewa mtoto.

Hakuomba. Akaendelea kukanda.

Alikuja siku zote zilizobaki za arobaini. Kila alipoingia, mtoto alitolewa nje.

Cyprian aliacha kutoa kopi za toleo la saba, lakini zilizokwisha kutoka zilikuwa zimeshatoka, na zilisomwa mpaka Mbagala. Loveness alichana karatasi alizoanzia toleo la nane. Alifagia, akateka maji, akapika kabla hajaombwa. Bi Kokuberwa alimwitikia salamu zake zote, akala chakula chake, akamwambia chumvi imetosha.

Jioni moja Loveness akaja kukaa jamvini na daftari mapajani, kama zamani. Akasema amefikiria kumpeleka Kiberiti safari ya mbali, peke yake, bila bibi yeyote. Akasubiri. Kisha akauliza ziwa la Bukoba linaonekanaje ukilitazama toka mlimani.

Bi Kokuberwa alikuwa anachambua mchele. Ziwa lile alikuwa analiona sasa hivi, rangi yake ya asubuhi na rangi yake mvua inapokaribia, na ile mistari myeupe ambayo upepo unaichora juu yake.

"Kama maji," akasema, akatupa chuya, akaendelea kuchambua.