Upande wa Kulia wa Mlango

Natoka Migori na ng'ombe wa kupeleka soko la Rodi Kopany, napita kwangu Ndhiwa, nakuta nyumba imelala chini. Mvua ya Aprili. Na Chifu amesimama juu ya udongo wangu, fimbo mkononi, kama mwenye boma.

"Jaduong', mzee wangu, hapa hakuna mtu tena. Wewe ni wa barabara. Tutajenga josho la mifugo."

Josho! Kijiji kizima kilijua anataka kuweka mashine yake ya kusaga. Nawajua hao wakubwa. Phelesia wangu alipougua malaria, zahanati yao ilikuwa na kufuli mpya, dawa hakuna. Akafa. Siku hiyo hakuna aliyekuja kuuliza kama hapa kuna mtu.

"Na huyu?" nikamwonyesha kaburi. Kwetu mke huzikwa kushoto kwa mlango, mume kulia. Mlango ulikuwa umeanguka, lakini Phelesia alikuwa pale pale, na pangu pakinisubiri, nyasi tupu.

"Kaburi halipiki," Chifu akasema. "Ijumaa nisipoona moshi, vijana wanachimba."

Ndugu zangu wakanishauri niache kutembea. Niache! Phelesia alinichukua nikinuka ng'ombe, na kila safari aliniambia, "Enda, lakini urudi na habari." Hakuwahi kunifunga.

Majirani walimwogopa Chifu, kwa hivyo nikatuma neno barabarani. Alhamisi asubuhi akaja Matiko, Mkuria ninayeswaga naye ng'ombe, na wenzake watano. Yakub mwenye duka Migori akatuma misumari na sukari. Nyumba ya Mjaluo ikianza asubuhi, jioni mwenyewe analala ndani.

"Mzee, mlango tuuelekeze wapi?" Matiko akauliza. "Sokoni?"

"Pima kutoka kwa Phelesia. Abaki kushoto."

"Hata akiwa chini anakuamrisha!"

"Na anajua kazi kuliko serikali yako."

"Yangu tangu lini? Mimi hata barabara sijapewa!"

Tulicheka tukikandika udongo. Jua likizama, nyasi zilikuwa juu ya paa.

Mellen, mke wa jirani, akaja kuchungulia. "Shemeji, nyumba ni nzuri. Ukienda, moto atawasha nani? Mimi? Kwa nini?"

"Yule ng'ombe mwekundu ana ndama, nakuachia. Kamulia hapa, pika hapa, maziwa kunywa na watoto."

Akamtazama ng'ombe, si mimi. "Huyo hapigi teke?"

"Anapiga Chifu peke yake."

Ijumaa Chifu akafika na vijana na majembe. Moshi ulikuwa unapenya kwenye nyasi mbichi, ukimwasha macho.

"Kwa hivyo umeacha kuzurura?"

"Kesho naenda Rodi."

"Na hapa?"

"Chifu, karibu chai," Mellen akaita kutoka ndani. "Maziwa ni ya hapa hapa."

Vijana wakaweka majembe chini, wakainama kuingia. Chifu akabaki nje, macho kwenye nyasi za upande wa kulia.

"Usikanyage hapo," nikamwambia. "Hapo ni pangu, na bado nina safari nyingi."

Asubuhi nikaswaga ng'ombe waliobaki. Habari za kumletea Phelesia zilikuwa zimeanza kupatikana.