Shali ya Wymark

Wymark, mjane muuza pombe ya shayiri, alifungua mlango alfajiri ya siku ya soko akakuta mwanamume amelala kifudifudi kwenye theluji, damu imemgandia kisogoni. Hakupiga yowe. Mwaka uliopita mumewe, Osbert, alikuta maiti nyuma ya kanisa akapiga yowe, kama sheria ya mfalme inavyotaka. Sheria hiyohiyo inataka aliyeikuta maiti azuiliwe mpaka mkaguzi wa mfalme afike, na mkaguzi hakuwa na haraka. Osbert akafa gerezani kwa homa. Huo ndio ulikuwa ujira wa watu wema katika mji ule.

"Nani huyo?" aliuliza Hamo mchinjaji, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Sijui. Nimemkuta tu, naapa kwa Bikira."

"Hujamkuta, umesikia? Ukimkuta wewe, na sisi majirani tunabebwa kwenda gerezani. Nina fahali wa kuchinja leo."

"Sasa tufanyeje?"

"Tumpeleke ng'ambo kwa watawa. Si wanapenda wageni hao?"

Ng'ambo ya mto ilikuwa ardhi ya watawa, na maiti ya kule ni balaa la kule. Wakampakia kwenye mkokoteni wa Hamo. Mtaa mzima madirisha yalifunguka kidogo, yakafungwa.

Darajani Wymark alishindwa kuutazama uso ule ukipigwa na theluji. Akavua shali yake, akamfunga nayo kichwa na uso, kwa kuwa Osbert hakupata mtu wa kumfunika. Kitambaa kikapanda juu ya mdomo, kikashuka. Kikapanda tena.

"Hamo! Anapumua! Turudi, nikamlaze karibu na moto."

"Akipona aseme nini? Kwamba tulimbeba kama mzoga?"

"Atatushukuru!"

"Osbert alishukuriwa na nani?"

Wymark angeweza kumshika mtu yule mguu, maana alikuwa karibu kabisa, lakini mikono yake aliibana kwapani, akaiacha hukohuko. Hamo akainua mkokoteni, akaumwagia mtoni. Maji yalipiga kelele kidogo tu.

Soko lilikuwa limechangamka yowe liliposikika kutoka kwenye kinu cha maji. Yowe likipigwa kila mtu hukimbia, anayebaki hushukiwa. Hamo alitangulia mbele, akipiga yowe kuwashinda wote. Wymark alikimbia nyuma.

Msagaji, maiti ikiwa miguuni pake, aliinua shali juu, inachuruzika. Kiraka chake cha buluu kilijulikana na mtaa mzima, kwa sababu Osbert alikishona mwenyewe, vibaya, wakamcheka.

"Jamani," alisema Hamo, kwa huzuni ya mtu wa kanisani, "si shali ya Wymark hii?"

"Ni yangu! Lakini Hamo ndiye aliyemsukuma! Semeni, mlituona madirishani!"

Majirani wakaangalia viatu vyao.

"Mimi nilikuwa nimelala, dada," alisema mmoja.

"Na kama mikono yako safi," msimamizi wa mji akamuuliza, "mbona hukupiga yowe?"

Kamba haikuwepo karibu, wakamfunga kwa shali yenyewe. Walipomfikisha kwenye lango la gereza alimofia Osbert, shali ilikuwa imeganda mikononi mwake, ikabidi askari aivunje kwa rungu.