Mlio wa Kichupa

Waliomhamishia Sista Taratibu kliniki ya watoto waliamini wamempeleka mahali salama, na yeye mwenyewe aliamini hivyo. Miaka minane alifanya kazi chumba cha upasuaji, na mitatu ya mwisho alikuwa akijidunga masalio ya dawa za maumivu za wagonjwa, chooni, mlango ukiwa umekomewa. Siku walipomkuta amelala chini ya sinki ndipo siri ilipofichuka. Akasimamishwa kazi, akatibiwa, akakaa kwa dada yake mwaka na nusu bila kugusa kitu. Kliniki ya watoto haikuwa na dawa ya namna hiyo hata tone. Ilikuwa na mizani, kadi, na vilio.

Asubuhi ya kwanza, mwenzake aliyeitwa Bi Mizani, kwa kuwa ndiye mpima uzito, alitayarisha chanjo ya surua. Chanjo hiyo huja ikiwa unga, na maji ya kuichanganyia huwa kwenye kichupa cha kioo chenye shingo nyembamba. Akaivunja ile shingo. Tak.

Sista Taratibu alikuwa akijaza kadi. Mate yakamjaa kinywani, viganja vikalowa. Akashtuka kuona mkono wake wa kushoto umejinyoosha wenyewe juu ya meza, upande wa ndani ukitazama dari.

"Vipi, hujanywa chai?" Bi Mizani aliuliza.

"Nimekunywa."

"Basi ni hawa wateja wetu. Wanavyotutazama, utadhani tumewaibia maziwa."

Aliaga kwenda msalani. Njiani akakumbuka anakokwenda ni wapi, akageuka, akaketi kwenye benchi pamoja na akina mama mpaka viganja vilipokauka.

Jioni alimwendea mshauri aliyemtibu.

"Yalikuwa maji tu," alisema. "Nilijua ni maji."

"Wewe ulijua. Ubongo wako haukuulizwa," mshauri alijibu. "Mara ngapi kule upasuaji ulivunja kichupa cha dawa, ukasikia mlio ule, na punde raha ikafuata? Ubongo umeviweka pamoja. Ukisikia kimoja, unaandaa mwili kupokea cha pili."

"Nitaifutaje kumbukumbu hiyo?"

"Haifutiki. Utauzoesha ubongo kwamba siku hizi mlio ukija, hakuna kinachofuata. Ila usijaribu ukiwa peke yako."

Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha usingizi, maana lilimtaka aseme. Kesho yake alimweleza Bi Mizani yote, akiitazama sakafu.

"Minong'ono niliisikia," Bi Mizani alisema. "Nikanyamaza mpaka useme mwenyewe. Haya, tunafanyaje?"

Sista mkuu wa kliniki, walipomweleza, aliwapa boksi la vichupa vya maji vilivyopitwa na muda. Kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa, Sista Taratibu alivunja vitano, kimoja kimoja, huku Bi Mizani ameshika kopo la taka akimsimulia jinsi mumewe anavyokoroma hadi majirani wanagonga ukuta. Wiki ya kwanza alitapika mara mbili. Wiki ya tano viganja tu ndivyo vilivyolowa. Mwezi wa nne alivunja kichupa huku akicheka, akajikuta ameshakitupa kabla hajakumbuka kuogopa.

Kisha dada yake akaugua, naye akakaa wiki nzima akimuuguza, akilala kwa kuibia. Aliporudi kazini, kichupa cha kwanza cha chanjo alichovunja Bi Mizani kilimpata vilevile kama siku ile ya kwanza: mate, jasho, mkono kujinyoosha. Aliweka kalamu chini.

"Leo nimezidiwa," alisema.

Bi Mizani alizichukua kadi zake. Akamwashiria mlango. "Toka umpigie mshauri wako. Ukirudi, mizani ni yako, chanjo nitabaki nazo mimi."

Alipiga simu akiwa amesimama uani, wakaongea mpaka jasho likakauka. Akarudi, akanawa mikono, akampokea mtoto wa kwanza, ambaye alimng'ang'ania kidole na hakutaka kukiachia.

"Ameongezeka?" mama yake aliuliza.

Sista Taratibu alisoma mizani, akalinganisha na kadi. "Gramu mia tatu," alisema, akaandika.