Jina la Pili Chini ya Orosia

Orosia Ferrer aliniingiza kwenye siasa nikiwa nimembana kondoo katikati ya magoti, namkata kwato.

"Evaristo, nahitaji mwanamume," alisema akiwa mlangoni mwa zizi.

"Mumeo ana habari?"

Alicheka hadi akashika ubavu. Alikuwa mwalimu wa shule ambayo serikali ilikwisha kuifunga, na sasa alikuwa akiunda chama cha vijiji vyetu kwa ajili ya uchaguzi wa bunge la Aragon, jimbo letu la Hispania. Mkoa wetu una viti kumi na vinne, kwa hiyo alitafuta majina kumi na manne, na chamani walikubaliana yapishane, mwanamke kisha mwanamume. La kwanza lilikuwa lake. La pili alitaka liwe langu.

"Niweke mwisho kabisa," nilimwambia.

"Kuna tofauti gani? Mpiga kura hachagui mtu, anachukua karatasi ya chama yote ilivyo na kuitia kwenye bahasha. Tukibahatika sana tutapata kiti kimoja, na kiti kimoja ni cha jina la juu. Wewe ni wa kujaza karatasi tu, bwana."

Nikatia sahihi.

Tulizunguka vijiji Aprili na Mei nzima tukidai jambo moja, daktari aje kila wiki. Orosia alisema, mimi niliendesha gari.

Hesabu rasmi ilitoka siku tatu baada ya uchaguzi. Tulikuwa kwenye baa ya kijiji, asubuhi, Orosia akinifundisha kwa kalamu. "Kura za kila chama unazigawa kwa moja, kwa mbili, kwa tatu, unaendelea hivyo. Namba kumi na nne zilizo kubwa kuliko zote ndizo zinazopata viti." Sisi tulipata kura 4,310. Chama kikubwa, 21,480, kilikuwa kimekwisha kupata viti vinne. Ili kipate cha tano unazigawa kura zake kwa tano, unapata 4,296.

"Tumewapita kwa kura kumi na nne!" alipiga kelele. "Kiti cha mwisho ni chetu!"

Mumewe, Blas, alimnyanyua juu kwa mkono mmoja. Nikadhani ni uchovu wa kampeni uliomfanya awe mwepesi vile.

Novemba tukamzika. Saratani ya kongosho.

Wiki iliyofuata alinipigia simu mama mmoja wa tume ya uchaguzi.

"Bwana Evaristo Lacasa? Kiti kikibaki wazi hatupigi kura upya. Kinashuka kwa jina linalofuata, na linalofuata ni lako."

"Nikikataa?"

"Utaandika barua, kiende kwa wa tatu."

Niliandika. Kabla ya kuituma nikaipeleka kwa Blas, nikaona ni adabu asikie kwangu kwanza. Nilimkuta jikoni akipanga nguo za marehemu kwenye maboksi. Aliisoma barua akiwa amesimama.

"Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Daktari alimwambia Februari, orodha haijapelekwa. Nikamwomba aache. Akasema watu hawatapigia kura karatasi inayoanza na mchunga kondoo asiyependa kusema, ila mchunga kondoo huyo ataweza kuendelea akishaingia."

Sikujua kwamba mtu anaweza kumkasirikia maiti.

"Mimi aliniambia ni wa kujaza karatasi tu!"

"Mimi aliniambia atapona," alisema Blas, akarudi kwenye maboksi.

Sikuituma ile barua. Desemba nikaapa bungeni Zaragoza, nikiwa na suti ya harusi ya kaka yangu. Februari hoja ya daktari ikafika, nami nikasimama na karatasi alizoziandika Orosia kwa mwandiko wake wa mwalimu. Katikati sauti ilikatika, spika akaniuliza kama nataka maji. Nikamaliza. Tukashindwa kwa kura tatu.

Kesho yake nilimpitia Blas nikamweleza. Hakuuliza tumeshindwaje. Aliuliza kama kile kiti kweli kiko karibu na dirisha, maana Orosia alimwambia alikuwa anapata jua pale, linamsaidia maumivu.

Upande ule hauna dirisha hata moja.

"Ndiyo," nilimwambia. "Jua linaingia vizuri."