Vidonge vya Jioni

Uzi ulipita kando ya tundu la sindano kwa mara ya saba. Fundi aliilamba tena ncha yake, akaibana kwa vidole viwili, akakaza macho. Vidole vikamcheza kama vya mtu mwenye homa. Gauni la arusi lilining'inia mbele yake, likisubiri vifungo ishirini na viwili vya kushona kwa mkono. Mwenye gauni alikuwa ameketi kwenye benchi akitazama pembeni kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyomchoma.

Ulikuwa mwezi wa kumi na nne tangu apandikizwe figo. Dada yake mkubwa, mwalimu wa darasa la kwanza, ndiye aliyempa moja kati ya mawili yake. Tangu siku hiyo Fundi alimeza vidonge asubuhi na jioni, ili mwili usilione figo lile kuwa mgeni na kulifukuza. Vidonge hivyo, aliambiwa, ni vya maisha. Ambalo yeye hakumwambia mtu ni kwamba vilimtetemesha mikono, na fundi cherehani ni mikono. Mengine yote ni mapambo.

Jioni ile hakumeza. "Leo tu," alijiambia. Leo ikazaa kesho. Baada ya wiki mbili mikono ikatulia, vifungo vikakaa mstari, wateja wakaacha kutazama pembeni. Dada alipopiga simu kuuliza, "Dawa unameza, mdogo wangu?" alijibu, "Nameza," maana za asubuhi alizimeza kweli. Uongo uliovaa shati la ukweli hupita mlangoni bila kubisha hodi.

Wiki ya tano ikaangukia siku ya kliniki. Muuguzi aliyemtoa damu alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyewajua wagonjwa wake kwa mishipa kuliko kwa sura.

"Leo mikono imetulia kama ya hakimu," alisema akifunga pamba. "Umefanyaje?"

"Mazoezi tu, sista."

Muuguzi hakucheka. Kesho yake asubuhi alimpigia simu mwenyewe: "Daktari anakutaka. Leo, si kesho. Njoo na nguo za kubadilisha."

Daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini, hakumgombeza. Alimweleza tu kwamba kiwango cha dawa katika damu kimeporomoka, na taka ambazo figo hulazimika kuzichuja zimeanza kubaki. Mwili ulikuwa umekwisha kumwona mgeni. Wangemchoma sindano siku tatu mfululizo, kisha wasubiri.

"Zile za jioni ziliniharibia kazi," Fundi alisema, na maneno yakamtoka kama uzi uliokatika. "Mikono ilitetemeka."

"Ungetuambia. Wengi hutetemeka. Ipo aina nyingine inayoingia mwilini polepole, wengine huwasaidia. Sisi hatuwezi kutibu tusichokijua."

Dada alifika wodini alasiri, chaki ingali kwenye mkono wa gauni lake. Fundi aliyatazama mashuka. Alikuwa ameandaa maneno mengi, yakamkimbia yote isipokuwa yaliyo mafupi.

"Dada, niliacha vidonge vya jioni."

"Tangu lini?"

"Wiki tano."

Dada akavuta kiti, akakaa. 

"Na mimi nilikuwa nauliza kila Jumapili," alisema.

"Niliona haya. Umepasuliwa kwa ajili yangu, halafu nije kulalamika kwamba siwezi kutunga uzi? Nilisema nitavumilia. Nikashindwa, nikaficha. Kila nikiliwaza figo lako—"

"Figo langu ninalo, liko hapa." Alijigusa ubavu. "Hilo lako nilikupa, sikukuazima. Unalitunza kama mtu aliyeachiwa sahani za wageni! Likikusumbua, lalamika. Ukitetemeka, piga kelele nisikie. Nilikupa uishi, sikukupa uishi kwa adabu."

Machozi yalikuwa yakimtoka huku amekunja uso kama anayemkemea mtoto wa darasa la kwanza. Fundi alitaka kucheka na kulia. Akafanya yote mawili, vibaya. Ndani yake kitu kilicholala kifudifudi miezi yote ile kikageuka, kikavuta pumzi.

Baada ya wiki tatu za dawa mpya walikwenda kliniki pamoja. Daktari alisoma majibu mara mbili.

"Kazi ya figo haijarudi ilikokuwa," alisema. "Lakini imegeuza njia. Tuonane wiki ijayo. Mikono je?"

"Inatetemeka kidogo asubuhi, mchana inaacha," Fundi alijibu. Akaendelea bila kuulizwa: usingizi unamruka, hamu ya chakula imezidi, na juzi alichelewa kumeza kwa saa moja. Daktari aliandika yote. Dada alitazama dari, tabasamu likimponyoka.

Nje jua lilikuwa limefifia. Dada alitaka watembee hadi nyumbani, ule mlima wote. Katikati ya mlima akasimama, akashika kiuno, anahema.

"Tangulia," alisema. "Nakuja."

Fundi hakutangulia. Alisimama kandokando yake, wakaangalia chini walikotoka; kisha yeye akawa wa kwanza kuinua mguu, taratibu, akisikiliza kama nyayo za nyuma zinamfuata.