Jiwe la Mama Asukile

Mwaka 1954 wakubwa wa mji wa Mbeya walinipa mimi, Mrisho, karani wa soko, kazi ya kuufufua uwanja wa zamani wa malori. Walitaka maduka, cherehani, kinyozi na hoteli ya chai. Hawakuniuliza kwa nini wafanyabiashara waliukimbia uwanja ule, na mimi sikuwaambia, ingawa nilijua kuliko mtu yeyote.

Nikazunguka mji nikibembeleza watu, nikawaahidi mwaka mzima bila ushuru. Jailos kinyozi akaja na kiti chake, Bibie akaja na vitumbua, Muharami akaleta mchele wa Rujewa. Wiki haikuisha, wote wakafungasha. Kila lori la abiria liliposimama, Mama Asukile, mama mzee aliyeshinda pale uwanjani kila siku, aliinuka kwenye jiwe lake, akamtazama usoni kila anayeshuka, kisha akakaa tena. Hasemi kitu, haombi kitu. Uwanja mzima ulinyamaza pamoja naye.

"Nitamnyoaje mtu huku tunacheka, mbele ya yule mama?" Jailos aliniuliza.

Nilimwita mwoga. Mwoga nilikuwa mimi.

Wakati wa vita vya Hitla, mwanawe Asukile alipandia lori la jeshi palepale uwanjani, na aliyeandika jina lake ni mimi. Kijana alisitasita, nikamwambia atarudi na baiskeli. Mwaka uliofuata ikaja barua kwamba amefia Burma, nami nikatumwa nimfikishie mama yake. Ilikuwa siku ya soko, mama anauza viazi, anataniana na wateja. Nikasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, miaka kumi ikapita, na barua iko sandukuni chini ya kanzu yangu ya Idi. Sijapata kuivaa kanzu ile kwa furaha.

Hatimaye wakubwa wakachoka. Wakasema Jumatatu polisi watamwondoa yule mama, na mimi niende nikawaonyeshe. Hapo nikaona nimefika mwisho wa ubaya wangu. Jumamosi asubuhi nikaichukua barua, nikapiga magoti mbele ya jiwe, nikamsomea.

Hakulia. Alinishika mkono ulioshika barua.

"Nilijua, mwanangu. Tangu wenzake waliporudi kutoka vitani, wakawa wananikwepa njiani. Lakini mama hajitangazii msiba. Mpaka aje mtu aseme, mama huinuka kila lori likija. Huyo mtu ndiye nilikuwa namngoja."

Nikamwuliza kama alijua mtu huyo ni mimi.

"Miaka yote hii unanisalimia ukiangalia chini," akasema.

Kisha akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele, na wanawake wakaja mbio kutoka kila uchochoro. Msiba ukawekwa hapohapo uwanjani, siku tatu. Muharami alitoa mchele, Bibie akaupika, na siku ya kumaliza matanga Jailos akakirudisha kiti chake, akawanyoa ndugu wa marehemu mmoja baada ya mwingine. Hakukiondoa tena. Bibie naye hakuondoka, na kabla ya mvua mafundi cherehani wanne walikuwa wameniomba nafasi.

Wakubwa walinisifu. Mama Asukile alirudi kwao Rungwe kulima, na uwanja sasa una kelele hata huwezi kusikia adhana. Mimi huketi kwenye lile jiwe, maana hakuna mwingine anayelitaka. Lori likisimama najikuta nimeinuka, namtazama usoni kila anayeshuka, natafuta kijana mwenye baiskeli.