Zege Lililomfuata Kifungo

Muuza miwani alipiga simu kiwandani akiwa amesimama kwenye kiwanja cha nyuma, kidole kimoja kimeziba sikio kwa sababu jirani alikuwa akikata vyuma. Karani wa kiwanda, mwanamke mwenye mafua, alimuuliza zege ni la nguzo au la sakafu, na kama lori litapata pa kugeuzia.

"La sakafu," alijibu. "Vyumba viwili na baraza. Geti tumeling'oa."

"Kiwanja ni chako?"

"Cha marehemu mama."

"Nauliza sasa ni cha nani, kaka."

"Changu," alisema muuza miwani, akaanza kutembea huku na huku.

Lori lilikuja kesho yake, pipa likizunguka. Fundi alikuwa ameshashindilia kifusi, nondo zimefungwa, mbao zimezungushwa. Muuza miwani alikwenda mpaka barabarani, akarudi, akaenda tena.

"Bosi, kaa chini," fundi alimwambia. "Unanitia kizunguzungu kuliko hilo pipa."

Zege likamwagwa, likasawazishwa. Vibarua walipokuwa wakiosha mabuti, likajikusanya kona moja, likapanda ubao, likateremkia upande wa pili na kutoka nje. Lilifuata kando ya barabara. Kwenye njia panda lilisimama kupisha basi la shule. Muuza miwani alilifuata kwa miguu, na fundi nyuma yake na mwiko mkononi, asije akaambiwa ameacha kazi nusu.

Liliingia kwenye ua wa vyumba vya kupanga, likasimama kwenye mlango wa Kifungo. Kifungo alikuwa dada yake muuza miwani, fundi cherehani, na chumba chake kilikuwa cha sakafu ya udongo. Aliliona, akanyanyua cherehani akaiweka kitandani, naye akapanda, akakunja miguu.

"Ingia basi," alisema, "usizibe mlango."

Likaingia, likajitandaza mpaka kwenye kona zote, likatulia. Fundi akalipitishia mwiko kwa mazoea.

"Hujambo, kaka," alisema Kifungo kutoka kitandani.

"Sijambo. Hilo zege ni langu."

"Najua. Mimi sikuliita."

Jambo lenyewe wote wawili walilijua. Kifungo ndiye aliyemuuguza mama yao mpaka mwisho, na mama alitamka mbele yao na mbele ya mke wa muuza miwani kwamba kiwanja cha nyuma ni cha binti yake. Matanga yalipokwisha, muuza miwani alisema mgonjwa husema mengi. Mkewe akakumbuka kwamba siku ile yeye alikuwa sokoni. Kifungo alibeba cherehani yake akaondoka.

Muuza miwani akaagiza zege jingine. Hilo nalo likaenda, na kwa kuwa ndani palikuwa pamejaa, likamtengenezea Kifungo baraza. Mwenye nyumba alikuja kuitazama, akaikanyagakanyaga kwa kisigino.

"Chumba kimepanda hadhi, dada," alisema. "Wewe hujapanda."

Akampangisha mwingine. Kifungo akahamia kando ya kiwanda cha mbao, na zege lililofuata likamkuta huko bila kuuliza njia. Huko nako alitolewa. Katika chumba cha tatu hakufungua mizigo, sufuria zikabaki kwenye gunia.

"Maji yakimwagika hayazoleki," fundi alisema, akitazama kifusi kitupu. "Hili lako hata kumwagika halitaki."

Mke wa muuza miwani hakuwa akila vizuri. "Mpe wifi hata kijichumba kimoja, tupumue," alisema.

"Nikimpa kimoja nitakuwa nimekiri vyote."

Akampigia karani wa kiwanda.

"Tunalipata mara kwa mara," alisema karani, akapiga chafya. "Si kosa la mchanganyiko. Lina muda wake, halafu hushika. Huyo ndugu yako anakaa wapi?"

"Mtaa wa pili."

"Karibu mno. Awe mbali, lisiweze kumfikia. Kuna na dawa nyingine, lakini wateja hawaipendi."

Muuza miwani hakuuliza ni ipi.

Alikwenda kwa Kifungo na sanduku jipya. Alikuwa amemtafutia kazi kwenye karakana ya sare, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi.

"Unanifukuza, kaka?"

"Nakusaidia."

"Mama alisema..."

"Mama alikuwa mgonjwa."

"Wa miguu," alisema Kifungo. "Mama alikuwa mgonjwa wa miguu."

Muuza miwani alilifungua sanduku, akalifunga, akaonyesha jinsi vitasa vyake vinavyobana vizuri. Kifungo alikuwa amechoka kuhama mtaa kwa mtaa, akaona bora ahame mara moja. Akalipokea.

Basi lilipoondoka muuza miwani alirudi mbio, jasho linamtoka, akakuta lori tayari linamimina. Zege likajikusanya kama kawaida yake. Lilipanda ubao wa upande wa mashariki, kulikoelekea basi, likainuka, likanyoosha shingo kama abiria aliyechelewa, likakaa hivyo. Fundi alilibonyeza kwa kidole gumba.

"Limeshika," alisema. "Ila limeacha mwinuko. Nivunje?"

"Acha."

Nyumba ikajengwa juu yake. Mpangaji wa kwanza aliuliza kwa nini kwenda dirishani ni kupanda kilima. Aliambiwa ndivyo chumba kilivyo, akatia vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda, akauliza maji hutoka siku gani. Mke wa muuza miwani akaanza kula. Muuza miwani aliendelea kutembea huku na huku uani, lakini watu walimzoea.

Huko alikokwenda, Kifungo alipata chumba cha sakafu ya udongo. Kila asubuhi alinyunyiza maji vumbi litulie, akafagia, akaenda kazini. Miezi ya mwanzo, jioni alikuwa akiuacha mlango wazi kidogo, akishona huku akisikiliza barabara. Baadaye akaanza kuufunga.